Duara la kura au mfuko wa chama: kina mama wa Mombasa tutoe kwa njia ipi?

Tangu Idi ipite nimeulizwa swali moja na watu watatu. Wa kwanza ni shangazi yangu anayekaa Likoni. Wa pili ni mwalimu niliyefundisha naye zamani, sasa yuko Mikindani. Wa tatu ni binti wa jirani, anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Bamburi. Kila mmoja ana marafiki wanaotaka kuweka pesa pamoja wasaidie shule, vituo na vikundi vya hapa hapa kwetu, na wote wamekwama penye njia panda ile ile. Waanzishe duara la kupiga kura, ambapo kila mmoja huja na kiasi sawa na pesa zote zikaenda mahali pamoja siku hiyo hiyo? Au wachukue chama walicho nacho, kile cha kuchanga na kupeana kwa zamu, watenge kidogo kila wiki, wawe na mfuko wa sadaka?

Mimi nimo kotekote. Chama chetu kiko Kisauni, kina wanawake 22, na mfuko wake wa sadaka una umri wa miaka sita. Duara tunalokutania Tudor nimeliingia mwaka wa tatu huu, tuko 31. Nayapenda yote mawili na sitaki mtu aache moja kwa sababu nimelisifu jingine. Lakini nina rai, na nitaisema mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: kinachoamua ni jinsi pesa zenu zinavyoingia. Mwanamke anayelipwa mwisho wa mwezi na yule anayehesabu mauzo yake kila magharibi hawashonewi nguo kwa kipimo kimoja.

Kila moja lilikotoka

Duara la kura kwa umbo tunalolifuata sisi lilianzia Marekani, mji wa Jackson katika jimbo la Michigan, mwaka 2006. Kituo cha afya cha pale kilihitaji vitanda 300 vya kubebeka vya watoto wachanga, na gharama yake ilikuwa kama dola 10,000. Mwanamke mmoja akapiga hesabu nyepesi: wanawake 100 wakija na dola 100 kila mmoja, jambo limekwisha kwa kikao cha saa moja. Likaisha kweli, na utaratibu ukaenea miji mingi. Kanuni zake ni chache. Mnakutana mara nne kwa mwaka. Wanachama hupendekeza mashirika, matatu yanaokotwa kwa bahati, kila moja linaelezwa kwa dakika chache, mnapiga kura, na kila mtu anampa mshindi hata kama kura yake ilikwenda kwingine.

Kuna ndugu yake mkubwa, Impact100, aliyeanza Cincinnati mwaka 2001. Huko kila mwanamke hutoa dola 1,000 kwa mwaka, wakifika mia moja wanatoa ruzuku ya dola 100,000, na kamati hukaa miezi zikipitia maombi. Kwa hapa kwetu sidhani tumefika huko, kwa hiyo naliweka kando.

Chama hakihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Mombasa. Kabla hata neno lenyewe halijazoeleka, bibi zetu wa Mji wa Kale walikuwa na vyama vya lelemama, ile ngoma ya wanawake, vyenye vyeo na michango, na mwanachama akiozesha mtoto au akifiwa wenzake walijua la kufanya bila kuitwa mara mbili. Mchezo wa kupeana zamu tulionao leo umekaa juu ya msingi huo. Mfuko wa sadaka ni chumba tulichoongeza katika nyumba iliyokwisha kujengwa.

Pesa zinalala wapi

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo watu wengi hawatazami.

Katika duara, pesa hazilali popote. Kikao chetu huwa sebuleni kwa mwenzetu mmoja, Jumapili baada ya alasiri. Kuna mahamri na chai ya tangawizi, na mezani kuna kikapu kidogo cha ukili chenye vikaratasi vilivyokunjwa. Mtoto wa nyumba ndiye anayeokota vitatu. Waliopendekeza wanasema, tunauliza maswali, tunaandika kura. Jina likitangazwa, sebule yote inanyamaza. Wanawake 31 wameinamisha vichwa juu ya simu zao, kila mmoja anatuma shilingi 2,000 moja kwa moja kwenye nambari ya malipo ya shirika lile. Kisha jumbe za M-Pesa zinaanza kuita, moja baada ya nyingine, na katibu anazunguka na daftari akiandika herufi za kila ujumbe. Mwisho anasoma jumla: 62,000. Hakuna mweka hazina, hakuna akaunti, hakuna pesa ya mtu ndani ya nyumba ya mtu. Ada ya kutuma iko juu ya kila mmoja wetu. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nililia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimezoea pesa za sadaka zenye safari ndefu.

Za chama zina safari ndefu. Sisi hukaa mkekani kila Ijumaa jioni. Kila mmoja ana mchango wake wa zamu, na pembeni anatoa shilingi 50 za mfuko. Wengine hutoa kwa sarafu, na utazisikia zikianguka katika kopo la maziwa, nyingine hutumwa kwa simu, na uzuri ni kwamba M-Pesa haikati kitu ukituma shilingi 100 kushuka chini. Mweka hazina anaandika katika kaunta buku lenye jalada jekundu ambalo pembe zake zimekwisha kulika. Shilingi 50 kwa wanawake 22 ni 1,100 kwa wiki. Kwa mwaka mzima, wiki 52, ni 57,200.

Linganisha hapo. Duara katika kikao kimoja limetoa zaidi ya tulichokusanya chama kwa mwaka. Ukitazama jumla peke yake utasema basi, mjadala umekwisha. Subiri kwanza.

Pesa zinazolala zinahitaji mlinzi. Mwaka wetu wa pili mfuko ulikuwa katika laini ya simu ya mweka hazina mwenyewe, kwa jina lake. Akanyang'anywa simu akishuka kwenye kivuko, jioni, watu wamesongamana. Pesa hazikupotea, maana mwizi hakuwa na nambari ya siri. Lakini yeye mwenyewe siku zile alikuwa amepoteza kitambulisho, kwa hiyo kurudisha laini kukachukua karibu wiki tatu, na katika wiki hizo kulikuwa na msichana wa kidato cha pili tuliyemwahidi karo, naye akarudishwa nyumbani. Mama yake hakutulaumu hata kwa neno moja. Alikuja Ijumaa iliyofuata, akakaa mkekani kama kawaida, akatoa 50 yake. Mimi siku ile sikuweza kumtazama usoni.

Tukajisajili baada ya hapo. Kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi kinahitaji watu wasiopungua kumi, na kazi hiyo hufanywa na ofisi za ustawi wa jamii. Mnakwenda na katiba yenu, orodha ya wanachama na kumbukumbu za kikao. Ukishapata cheti, benki inakufungulia akaunti kwa jina la kikundi. Yetu ina watia sahihi watatu, na wawili wakiwepo pesa zinatoka. Ni usumbufu wa siku chache, na kama mtachagua chama ninawaomba msianze kabla ya hilo.

Kwa upande huu, duara limeshinda. Wanawake ambao hawajajuana vizuri, wa mitaa tofauti, wanaweza kuanza mwezi huu bila kumwamini mtu yeyote na pesa. Chama kinataka imani ya miaka.

Nani anaamua

Katika duara kura ni moja kwa kila mtu, na hiyo ni haki. Lakini dakika tano za maelezo zina mshindi wake wa asili: anayejua kusema. Mwaka wa kwanza nilimwona Bi mmoja wa makamo akisimama kuwasemea wagonjwa wa saratani wanaouguzwa nyumbani, wale wanaohudumiwa na hospisi iliyo katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani. Hakuwa na picha. Alisema polepole, nusu ya maneno yake yakamezwa na feni. Aliyemfuata alikuwa na video ya watoto wakiimba. Unajua kura zilikwenda wapi.

Alirudi kikao cha tatu, maana kanuni zetu zinamruhusu aliyeshindwa kurudi. Safari hii alileta karatasi moja tu. Alikuwa ameandika safari za mgonjwa mmoja kwa mwezi mmoja: matatu kutoka Jomvu hadi mjini, tuktuk hadi mlangoni kwa sababu mgonjwa hawezi kutembea, kurudi vivyo hivyo, nepi za mtu mzima, glavu. Akatusomea mstari kwa mstari bila kuongeza neno. Alishinda. Tangu siku hiyo tumeweka sharti kwamba kila anayependekeza aje na hesabu iliyoandikwa, na video hatuonyeshi tena. Kama mnaanzisha duara, anzeni na sharti hilo. Linawasaidia wasio na sauti.

Chama huamua kwa kujua. Tukisema nyumba fulani watoto wanalala bila kula, hakuna anayeuliza ushahidi, maana ukuta wetu na wao ni mmoja. Ujuzi huo hauna bei. Kasoro yake ni upendeleo, na mimi sitaificha: mwaka mmoja tuligundua misaada mitatu mfululizo ilikwenda kwa watu wa ukoo mmoja. Walikuwa wahitaji kweli, wote watatu. Ila waliokuwa wahitaji na hawana ndugu mkekani, nani aliwataja? Sasa mwenye jamaa yake katika orodha hutoka nje tunapoamua, hata akiwa mwenyekiti, na kila robo ya mwaka lazima msaada mmoja uende kwa mtu au kikundi ambacho hakuna mwanachama mwenye undugu nacho.

Mwezi mbaya ukifika

Mombasa haina mwaka ulio sawa. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hoteli zinajaa, wasusi wa ufukweni wana kazi, wauza leso na vinyago wanauza. Ikiingia masika, Aprili, Mei hadi Juni, mvua na kusi, wageni wanapungua na wafanyakazi wa mkataba wanaambiwa wapumzike nyumbani. Ongeza Januari ya karo na sare. Ongeza Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo huwezi kuiandika katika kalenda mara moja ukaisahau.

Duara la mara nne kwa mwaka, 2,000 kila mara, limekatwa kwa mtu wa mshahara. Nimeona linavyomuumiza asiye na mshahara. Mwenzetu mmoja ni msusi. Kikao cha Mei hakuja. Cha Agosti hakuja. Tukadhani ana shughuli, kumbe aliona aibu kukaa sebuleni wakati wenzake wanatuma na yeye simu yake haina kitu. Aliposema, tulichukua dawa ambayo maduara mengi ya Marekani huitumia: watu wawili au watatu wanaungana, wanatoa mchango mmoja, wana kura moja. Sasa yeye na dadake wanagawana. Ni dawa nzuri, lakini inabidi itangazwe siku ya kwanza, kabla mtu hajaona aibu.

Chama hapo ndipo kinapokaa vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua. Mwanamke wa viazi vya karai hawezi kuwa na 2,000 ya ziada siku moja, lakini 50 ya Ijumaa anaitoa mwaka mzima, masika kwa kaskazi, na hajioni mdogo mbele ya mtu. Katika miaka sita, waliowahi kushindwa wiki mbili mfululizo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo ile 57,200 si ndogo kama inavyoonekana. Imetoka mahali ambapo duara lingetoka mikono mitupu.

Pesa za mkupuo na pesa za matone

Kuna mahitaji yanayotaka mkupuo. Mashine ya breli, ile yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, hainunuliwi kwa awamu, na shule kama ile ya vipofu ya Likoni haiwezi kumpa mtoto nusu ya mashine. Kiti cha kumkalisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, choo cha shule, tangi la maji: yote hayo ni kazi ya duara. Kuna mengine yanataka matone: umeme wa kila mwezi, nauli ya kliniki, posho ya mama anayepika, taulo za wasichana kila mwezi bila kukosa. Hayo ni ya chama. Na tazama kitu hiki kwa makini, kwa sababu wafadhili wakubwa na wadogo hukimbilia vitu vinavyopigwa picha. Ramadhani na Krismasi vituo vyetu vinajaa unga, sukari na mafuta. Ukienda baada ya miezi miwili utamkuta msimamizi anahesabu sarafu za tokeni za umeme.

Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa tangi. Duara letu lilinunulia shule moja ya Mishomoroni tangi la lita 5,000. Mnajua maji ya mji huu, bomba linatoka siku chache na siku nyingine ni mikokoteni ya mitungi. Tulikwenda kuliona likiwekwa juu ya msingi wa saruji, jeusi, linang'aa, watoto wakiligonga kwa viganja wasikie mlio. Masika yakaja, mvua kubwa. Nikapita pale siku moja, nikaligonga. Likalia tupu. Paa la shule halikuwa na mifereji, kwa hiyo mvua yote ilimwagika uwanjani, na ada ya kuunganishiwa bomba hakuna aliyeiwazia. Pesa za duara zilikuwa zimekwisha toka, kikao kingine kilikuwa baada ya miezi miwili, na hapo kungekuwa na washindani wapya.

Nikalipeleka jambo mkekani Kisauni. Chama kikamlipa fundi wa bati, mifereji mita chache na bomba moja la kushukia, pesa za wiki tano tu. Mvua ya vuli ile tangi likajaa hadi likamwagika juu. Ndiyo maana siku hizi katika duara tunauliza swali moja kabla ya kura: baada ya kununua, nini kitahitajika mwezi wa pili, na nani atakitoa?

Mnampa nani

Swali hili ni la njia zote mbili, na hapa nina donda langu. Zamani chama chetu kilipeleka mablanketi katika makao fulani ya watoto. Tulichanga miezi minne. Nilikwenda tena mwaka uliofuata kwa shughuli nyingine, nikapelekwa stoo kutafuta kiti, na mablanketi yetu yalikuwa pale, bado katika plastiki zake, juu ya mengine yaliyoletwa na watu wengine. Joto la Mombasa, mtoto anahitaji blanketi zito la nini? Hawakutuibia. Sisi hatukuwauliza. Msimamizi aliponiambia alichokihitaji siku ile, ilikuwa nauli ya mfanyakazi wa ustawi aende Kwale na Kilifi kutafuta jamaa za watoto watatu.

Na jambo hilo limekuwa kubwa kuliko sisi. Nchi ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwaondoa watoto katika makao na kuwarudisha kwa jamaa zao au familia za kuwalea, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeelekea huko huko. Kwa hiyo kama kikundi chenu kinawaza mayatima, fikirieni kumsaidia bibi anayelea wajukuu wanne Majengo kabla ya kujenga bweni jingine. Chama kitamwona bibi huyo kwa urahisi. Duara halitamwona, maana hana nambari ya malipo wala mtu wa kumsemea. Lakini duara laweza kulipa shirika linalowafanyia kazi mabibi arobaini kama yeye.

Kwa mashirika, ulizeni cheti. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1990, kwa hiyo karatasi zinazotaja sheria ya zamani zinastahili kuulizwa swali moja la ziada. Ombeni hesabu za mwaka uliopita. Nendeni wakati wa chakula cha mchana, mkae, mle wanachokula watoto. Nimejifunza mengi kwenye sahani kuliko kwenye ripoti.

Zaka, sadaka na riba

Hili tusiliruke, maana vikundi vyetu vina Waislamu na Wakristo pamoja. Zaka ina wenyewe, mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, na anayeitoa ana wajibu wa kujua imefika. Katika duara hujui mshindi atakuwa nani. Kwa hiyo sisi tumesema kuanzia mwanzo: kinachopita hapa ni sadaka ya hiari, mwenye zaka aitoe kwa njia yake, na mwenye fungu la kumi alipeleke kanisani kwake. Hakuna aliyenung'unika.

Kwa chama kuna mtego mwingine. Vyama vingi hukopeshana kwa riba na hutaka faida hiyo ndiyo iwe mfuko wa sadaka. Wapo kina mama ambao hawawezi kuigusa pesa hiyo, na hawatasema mbele ya wengine, watajitoa kimya. Mfuko wetu ni michango mitupu na faini za kuchelewa.

Na njia nyingine mbili, kwa ufupi

Mchango wa dharura katika kundi la WhatsApp, nyumba imeungua au mgonjwa amelazwa, hauna mbadala, na hakuna duara wala chama kitakachoushinda kwa kasi. Ila huwezi kujenga jambo la mwaka kwa dharura, watu huchoka. Kumbukeni pia kwamba mkitoka nje ya wanachama wenu mkaanza kukusanya kwa umma, barabarani au sokoni, kuna sheria ya michango ya umma inayotaka leseni.

Wakfu ni mlango wa kina mama wenye mali, nyumba au duka ambalo kodi yake itaendelea kutoa hata baada yao. Tume ya Wakfu ina ofisi hapa Mombasa, na waulizwe wao.

Nilivyowajibu wale watatu

Shangazi nilimwambia chama. Wenzake ni wauza samaki na wapishi wa vibanda karibu na kivuko, wanajuana tangu ujana, pesa zao ni za kila siku. Waanze na 30 kama 50 ni nyingi, lakini wasajili kikundi kwanza. Akaniuliza kama yeye mzee wa miaka sabini atapanga foleni ofisini. Nitakwenda naye, nimeshamwahidi.

Mwalimu wa Mikindani nilimwambia duara, bila kusita. Wenzake ni walimu, wauguzi na makarani wa bandari, wanalipwa tarehe moja, na hawana muda wa kukaa mkekani kila wiki. Saa moja kila miezi mitatu wataiweza. Nikamsisitizia hesabu ya maandishi na lile swali la mwezi wa pili.

Binti wa Bamburi ndiye aliyenisumbua akili, maana wenzake ni wa hotelini, na mwaka wao una mlima na bonde. Duara la mara nne lingewavunja Mei. Chama cha kila wiki hakiwezekani, zamu zao hazikutani. Nikamshauri duara la mara mbili tu, Februari na Agosti, wakati hoteli zina watu, mchango upangwe na wao wenyewe, na wawili waruhusiwe kuungana tangu siku ya kwanza. Na wakae na chama kimoja cha mtaa wanaoishi, wakiulize kabla ya kila kikao ni nini kimepungukiwa na mifereji.

Jana usiku amenitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia bahari na sahani. Wamefika kumi na wanne. Anaomba kile kikapu cha ukili mpaka wapate chao.